Harufu ya Dawa Katika Maji ya Bomba: Hofu Ipi Ishikwe, Ipi Iachwe



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa familia za Kanda ya Ziwa, lipo moja ambalo akina mama wa Kharumwa na vijiji vya Nyang'hwale huliuliza kwa namna mbalimbali, nalo ni hili: haya maji ya bomba yanayonuka dawa, yana usalama kwa watoto wetu? Wapo waliosikia kwamba dawa hiyo huleta saratani. Wapo walioambiwa kuwa huharibu uzazi. Na wapo ambao, baada ya kusikia hayo, huyatumia maji ya bomba kwa kufulia na kuoshea vyombo tu, kisha hubeba madumu kwenda lamboni au kwenye kisima cha wazi kuchota maji ya kunywa, kwa hoja kwamba yale ya lamboni hayana kemikali.

Tumeona juma hili tulijibu swali hilo kwa urefu unaostahiki, kwa sababu uvumi huu hauna uongo mtupu. Ndani yake mna chembe ya ukweli wa kielimu, na chembe hiyo ikieleweka vibaya huweza kumpeleka mzazi mwenye nia njema kwenye hatari iliyo kubwa kuliko ile anayoikimbia.

MAJI YETU YANATOKA WAPI

Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Kwa miaka mingi wakazi wa ukanda huu wameishi kwa malambo, visima vifupi na maji ya mvua. Mradi wa Nyamtukuza ndio unaovuta maji ya Ziwa Victoria kwa ajili ya Kharumwa na vijiji vya jirani. Ng'ambo ya pili, huko Ihelele wilayani Misungwi, upo mtambo mkubwa uliozinduliwa mwaka 2009, ambao huyasafisha maji ya ziwa hilohilo na kuyasukuma hadi Kahama na Shinyanga. Baadaye mabomba yake yakarefushwa hadi Igunga, Nzega na Tabora.

Maji ya ziwa ni neema, lakini hayafiki bombani kama yalivyo. Ndani yake mna mwani, majani yaliyooza, udongo ulioletwa na mito, na uchafu wa binadamu na mifugo. Ndiyo maana hupitishwa kwenye hatua kadhaa: hutiwa shabu ili tope ligandamane na kuzama, huchujwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini ili iue vijidudu vilivyosalia. Klorini hiyo ndiyo chanzo cha ile harufu.

Kiasi kidogo cha klorini huachwa makusudi ndani ya maji ili kiyalinde njiani, kwa kuwa bomba huweza kupasuka na kisambazia mkono usio safi huweza kugusa ndoo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba nusu saa baada ya kutiwa dawa, maji yawe bado na angalau miligramu 0.5 za klorini kwa lita, na yakifika kwa mtumiaji yasipungukiwe na miligramu 0.2. Kiwango cha juu kilichowekwa ni miligramu 5 kwa lita. Baadhi ya watu huanza kuihisi ladha yake ikiwa miligramu 0.3 tu. Kwa hiyo harufu hafifu ya dawa ni dalili kwamba mlinzi bado yuko kazini.

CHEMBE YA UKWELI

Mwaka 1974 mkemia wa Uholanzi aitwaye Johannes Rook, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya jiji la Rotterdam, aligundua jambo ambalo halikuwa limefahamika. Maji ya mto kabla ya kutiwa klorini hayakuwa na klorofomu, ile ambayo zamani madaktari waliitumia kama dawa ya usingizi. Baada ya kutiwa klorini, klorofomu ilionekana. Alipofuatilia akabaini kwamba inazaliwa pale klorini inapokutana na mabaki ya majani na udongo, yale yanayoyapa maji rangi inayofanana na chai. Kundi hilo la kemikali huitwa traihalomethani, na klorofomu ndiyo mashuhuri zaidi kati yake.

Tuseme wazi, basi, kwamba wanaodai klorini huzaa kemikali nyingine ndani ya maji wamesema kweli. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani imeiweka klorofomu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Neno "huenda" hapa lina uzito wake: ushahidi uliopatikana kwa wanyama wa maabara waliopewa dozi kubwa ni wa wazi, ilhali kwa binadamu haujakamilika. Baadhi ya tafiti zimeona uhusiano kati ya kunywa kwa miaka mingi maji yenye kiwango kikubwa cha kemikali hizi na saratani ya kibofu cha mkojo. Kuhusu uzazi, tafiti zimefanyika na matokeo yake hayajakubaliana.

Kwa tahadhari hiyo nchi nyingi zimeweka mipaka. Marekani iliweka mwaka 1979 kikomo cha mikrogramu 100 kwa lita kwa jumla ya traihalomethani nne, na baadaye ikakishusha hadi 80. Nchi za Umoja wa Ulaya zimebaki na 100. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha kila moja peke yake, na kwa klorofomu ni mikrogramu 300 kwa lita. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ndoo ya lita 20 iliyofikia kikomo hicho cha klorofomu ina miligramu 6 tu za kemikali hiyo, uzito ambao haufiki hata nusu ya punje moja ya mchele. Isitoshe, kikomo hicho kimepigiwa hesabu ya mtu anayekunywa lita mbili kila siku kwa maisha yake yote.

MIZANI YA MADHARA MAWILI

Sasa tuweke upande wa pili wa mizani. Kipindupindu huweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache, na mtoto kwa haraka zaidi. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 uliendelea hadi mwaka uliofuata na kuenea mikoa mingi ya nchi yetu, wagonjwa wakapindukia 20,000. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ugonjwa huo uliibuka tena katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Simiyu zikiwemo. Ukiacha kipindupindu, lipo tatizo la kila siku la kuhara na homa ya matumbo, ambalo wazazi wetu wamelizoea kiasi cha kuliona ni sehemu ya kukua kwa mtoto.

Huku kuna dhara la yakini linalokuja kesho asubuhi, na kule kuna dhara la kukisiwa ambalo, likija, huja baada ya makumi ya miaka. Wanazuoni wetu wa fiqhi wametuwekea kanuni mashuhuri kwamba madhara mawili yakigongana, hubebwa lile jepesi ili kuliepuka lile zito. Wataalamu wa maji wamefikia hukumu hiyohiyo kwa njia yao: Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba juhudi za kupunguza kemikali hizi zisidhoofishe kamwe kazi ya kuua vijidudu. Mama anayeacha maji ya bomba na kurudi lamboni amelichukua lile zito akidhani ameliacha.

Lakini fiqhi hiyohiyo ina kanuni nyingine: dhara huondolewa kwa kadiri ya uwezo. Kulibeba lile jepesi hakumaanishi kulifumbia macho. Na hapa ndipo palipo na habari njema, kwa kuwa kemikali hizi zinaweza kupunguzwa sana bila kuipunguza dawa.

SIRI IKO KABLA YA DAWA

Msomaji akumbuke alichokiona Rook. Klorini peke yake ndani ya maji safi huzaa kidogo mno. Inazaa nyingi inapokuta majani, mwani na tope. Kwa hiyo anayetaka kupunguza kemikali huanza kwa kuyasafisha maji kabla ya kuyatia dawa. Shabu ikitiwa kwa kipimo sahihi huzamisha sehemu kubwa ya mabaki hayo. Kichujio cha mchanga kikioshwa kwa wakati hukamata yaliyobaki. Klorini ikitiwa mwishoni, baada ya kuchujwa, hukuta kidogo cha kupambana nacho, hivyo hata dozi ndogo hutosha na ulinzi hudumu njia nzima.

Mambo mengine matatu huzidisha kemikali hizi: joto, muda, na wingi wa dawa. Maji yanayokaa siku nyingi ndani ya bomba refu au ndani ya tangi linalochomwa na jua huendelea kuzizalisha maadamu klorini na mabaki vingalimo. Ndiyo sababu miisho ya mabomba inapaswa kufunguliwa na kumwagwa mara kwa mara, na matangi kusafishwa.

Hapa tuwageukie kidogo ndugu zetu walioko Muscat na miji mingine ya Ghuba, ambao nao hutuuliza, na mahujaji wetu ambao hunywa maji ya aina hiyo wawapo Makka na Jeddah. Huko maji mengi ya bomba hutokana na bahari. Mtambo wa Ghubrah mjini Muscat ulianza kazi mwaka 1976, na ule wa Shuaiba katika ufuo wa Bahari ya Shamu ndio miongoni mwa mitambo inayoilisha Makka. Maji ya bahari yana chumvi iitwayo bromaidi, kiasi cha miligramu 65 hivi kwa lita, ilhali maji matamu ya ziwa yana kidogo sana. Klorini inayotiwa baharini ili konokono na mwani wasiote ndani ya mabomba huigeuza bromaidi hiyo, na kinachozaliwa zaidi ni bromofomu, ambayo kikomo chake ni mikrogramu 100 kwa lita.

Wahandisi wa huko hukabiliana nayo kwa njia mbalimbali. Penye mitambo ya kuchemsha, bromofomu hupanda pamoja na hewa nyingine nyepesi na kutolewa nje kabla maji hayajakusanywa. Penye mitambo ya kusukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, utando huo huzuia sehemu kubwa, na klorini huondolewa kwanza kwa kuwa huuharibu. Hata uamuzi wa kutumia ozoni badala ya klorini huhitaji uangalifu, maana ozoni ikikutana na bromaidi huzaa bromati, ambayo kikomo chake ni mikrogramu 10 tu. Maji ni tofauti na mitambo ni tofauti, lakini kanuni ni ileile ya Nyamtukuza na Ihelele: punguza kile ambacho dawa itakutana nacho.

WAJIBU WA WASIMAMIZI NA HAKI YA WATUMIAJI

Tangu sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, na kila mradi husimamiwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Viongozi wa vyombo hivyo ni jirani zetu. Tunaswali nao, tunazika nao. Si utovu wa adabu kuwauliza, katika mkutano wa kijiji, maswali yafuatayo. Je, klorini hupimwa kila siku, mtamboni na kwenye bomba la mwisho kabisa? Je, tope la maji hupimwa kabla ya dawa kutiwa? Msimu wa masika, maji yanapogeuka rangi, kinachoongezwa ni shabu na uchujaji, au ni klorini peke yake? Tangi lilioshwa lini? Na je, sampuli zinapopelekwa katika maabara ya ubora wa maji iliyoko Mwanza, traihalomethani nazo zimeombwa kupimwa?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Mwendeshaji anayejibu tope kwa klorini nyingi zaidi huyaongeza madhara yote mawili kwa pamoja, kwani tope huilinda bakteria isifikiwe na dawa, na wakati huohuo huilisha dawa hiyo malighafi ya kuzalisha kemikali.

YA KUFANYA NYUMBANI

Kwa familia inayopata maji ya bomba yaliyokwisha kutibiwa, usiongeze kidonge cha maji juu ya dawa iliyopo, isipokuwa umeelekezwa na mtaalamu wa afya, kwa mfano wakati wa mlipuko. Ikiwa harufu inawakera watoto, kinga maji katika chombo safi chenye mdomo mpana, kifunike kwa kitambaa safi chepesi, ukiache kwa saa chache. Harufu itapungua, na sehemu ya klorofomu nayo itaruka, kwa kuwa ni kemikali nyepesi. Kisha hamishia kwenye mtungi au ndoo yenye mfuniko na bomba, yatumike ndani ya siku moja, maana dawa ikipungua ulinzi nao umepungua.

Kwa familia ambayo bado inategemea lambo, kisima au mvua, dawa ni ya lazima, ila itanguliwe na usafi. Yaache maji yatulie usiku kucha. Yamimine taratibu bila kutibua masimbi, uyachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Yakiwa bado na ukungu, tumia shabu, uyaache yatulie tena. Baada ya hapo ndipo utie WaterGuard au kidonge kingine kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ufunike, na usubiri dakika 30. Wanaotumia unga wa mbegu za mlonge kuzamisha tope wamefuata njia njema ya asili, lakini wafahamu kwamba unga huo nao huacha mabaki ndani ya maji. Wayachuje vizuri na wasiyahifadhi zaidi ya siku moja.

Anayechemsha, na ayachemshe hadi yatokote kwelikweli, kisha aondoe mfuniko kwa muda mfupi mahali penye hewa ili kemikali nyepesi zitoke, halafu ayafunike yapoe. Maji yaliyochemshwa hayana tena dawa ya kuyalinda, hivyo kata inayozamishwa na kila mgeni huyarudisha yalikotoka. Mkaa wa jikoni usidhaniwe kuwa ni kichujio. Mkaa wa kuchujia hutengenezwa kwa namna maalumu na hubadilishwa kila unapochoka.

Wenye simtanki, wasilijaze likakaa majuma. Liwekwe kivulini, lifunikwe vema lisiote mwani, na lioshwe kila baada ya miezi michache.

Tahadhari moja inawahusu hasa wakazi wa ukanda wa dhahabu. Klorini haiondoi zebaki, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yaliyo karibu au chini ya mialo ya kuchenjulia dhahabu yasinywewe kwa matumaini kwamba kidonge kitayatakasa. Anayeyakimbia maji ya bomba kwa kuogopa mikrogramu za klorofomu, kisha akachota chini ya mwalo, amefanya biashara ya hasara iliyo wazi.

JE, YANAFAA KWA UDHU?

Wapo wanaouliza kama harufu hiyo huyatoa maji katika hali ya kutwaharisha. Wanazuoni wa zama hizi walioulizwa wamejibu kwamba maji ya bomba yenye klorini yanabaki kuwa maji safi yenye kutwaharisha. Badiliko lenyewe ni dogo, na kilichotiwa kimetiwa kwa maslahi ya maji, jina la maji halikuyaondoka. Basi na atawadhe, aoge, na aswali bila wasiwasi.

Tunahitimisha kwa kuwaomba wazazi wa Kharumwa na kwingineko wafanye mambo mawili juma hili. La kwanza, warudishe maji ya bomba kwenye mtungi wa kunywa wa watoto, yakiwa yametunzwa kama tulivyoeleza. La pili, katika mkutano ujao wa kijiji asimame mmoja wao, mama au baba, aulize kuhusu tope, shabu na vipimo vya maabara.

Tunamuomba Allah atujaalie afya katika miili yetu na baraka katika maji yetu. Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.